Kutoka karatasi ya kocha hadi kalenda ya simu: tathmini ya Google Sheets na Google Calendar kwa mkimbiaji wa marathoni

Mpango wa mazoezi wa kocha wetu huja katika karatasi moja. Wiki 16 zimepangwa kwenda chini, siku saba zimepangwa kwenda kando, na ndani ya kila chumba kuna maneno machache kama "km 10 pole" au "kilima mara 6". Kwa misimu kadhaa niliibandika karatasi hiyo kwenye mlango wa friji, na kwa misimu hiyo yote nilijikuta nikiwa kazini au safarini bila kujua kesho alfajiri ninadaiwa nini. Anayejiandaa kwa Kilimanjaro Marathon, ambayo hukimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yake katika miezi ya sikukuu, watu wanaposafiri kwenda kwao, na friji haisafiri. Ndiyo sababu niliamua kuuhamishia mpango mzima kwenye kalenda ya simu, kwa kuuandika kwanza katika jedwali la Google Sheets na kisha kuuingiza kwa mkupuo mmoja katika Google Calendar. Huduma zote mbili hazina malipo kwa mtu binafsi mwenye akaunti ya Google.

Ieleweke mapema kwamba kazi yenyewe iko kwenye jedwali. Kalenda hupokea tu kile ilichopewa, na huduma hii itakufaa au kukuudhi kulingana na namna ulivyoliandaa jedwali lako.

Tatizo la kwanza ni umbo. Karatasi ya kocha ni mraba wa wiki kwa siku, ilhali kalenda inataka orodha ndefu ambayo kila mstari ni tukio moja lenye tarehe yake. Nilipoanza nilikuwa nikinakili chumba kimoja baada ya kingine, na nilipofika wiki ya nne nilikuwa nimekwisha kuruka Alhamisi mbili. Kisha nikaifahamu fomula ya FLATTEN, ambayo huuchukua mraba mzima na kuunyoosha kuwa safu moja, mstari kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiwa umeandika mpango wako kuanzia chumba cha B2 hadi H17, basi =FLATTEN(B2:H17) itakupa mistari 112 iliyofuatana sawasawa, kuanzia Jumatatu ya wiki ya kwanza hadi Jumapili ya mbio. Sijaona sehemu nyingine ya huduma hii inayostahili sifa kuliko hiyo.

Tarehe nazo hazihitaji kuandikwa kwa mkono. Siku ya mbio naiweka peke yake katika chumba kimoja, tuseme K1, na kila kitu kinahesabiwa kurudi nyuma kutoka hapo: wiki 16 ni siku 112, kwa hiyo Jumatatu ya kwanza ni K1 ukitoa 111. Kama mbio zako ni Jumapili ya tarehe 22 Februari 2026, hesabu hiyo inakurudisha Jumatatu ya tarehe 3 Novemba 2025, na fomula =SEQUENCE(112,1,K1-111,1) inazijaza siku zote zilizo katikati, mradi safu hiyo umeipa umbo la tarehe; usipofanya hivyo utaona namba kubwa zisizo na maana kwako. Ukibadilisha mawazo na kuchagua mbio nyingine, unagusa chumba kimoja tu na mpango mzima unasogea.

Hapa kwenye tarehe ndipo nilipojiumiza mwenyewe. Sisi tunaandika siku kwanza, kisha mwezi; faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa koma) ambalo kalenda hii inalipokea huandikwa kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi kwanza, yaani 11/03/2025 kwa tarehe 3 Novemba. Jaribio langu la kwanza nililiandika kwa mazoea, huku jedwali likiwa bado limewekwa kwenye mipangilio ya Marekani, na mbio ndefu ya Jumapili ya tarehe 7 Desemba ikaenda kukaa tarehe 12 Julai. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani kwa ukamilifu: siku kuanzia tarehe 1 hadi 12 ya mwezi hugeuka kimyakimya, na zile za kuanzia tarehe 13 jedwali hushindwa kuzitambua kuwa ni tarehe na kuziacha kama maandishi, yakiwa yameegemea upande wa kushoto wa chumba. Tangu siku hiyo nimekuwa na safu mbili. Moja ina tarehe ninayoielewa mimi, na ya pili ina fomula ya =TEXT(A2,"mm/dd/yyyy") inayoiandikia kalenda kwa lugha yake.

Saa ni mtego wa aina hiyohiyo, na huu ni wetu sisi wasemaji wa Kiswahili zaidi ya watu wengine. Kocha ameandika "saa 11:30 alfajiri". Mtu akiandika 11:30 katika safu ya muda, kalenda itampangia mbio ndefu kwenye jua la saa tano na nusu asubuhi, jambo ambalo hakuna mwenye akili timamu anayelifanya Dar es Salaam mwezi wa Januari. Lazima iandikwe 5:30 AM. Kwa maoni yangu ni heri kuyaacha mazoezi ya siku za kazi yawe matukio ya siku nzima, bila saa yoyote, kwa kuandika TRUE katika safu ya All Day Event, na saa kamili ikabaki kwa mbio ndefu za Jumapili peke yake. Mazoezi ya Jumanne yanaweza kufanyika alfajiri au jioni kutegemea foleni na mvua, na kukumbushwa saa ambayo huwezi kuitii hukufundisha kuzipuuza arifa zote.

Majina ya safu hayana mjadala. Mstari wa kwanza wa faili lazima uwe wa Kiingereza na uandikwe kama kalenda inavyoutaka: Subject kwa jina la tukio, Start Date kwa tarehe, na ukipenda Start Time, End Date, End Time, All Day Event, Description na Location. Mawili ya kwanza tu ndiyo ya lazima. Ushauri wangu ni kuliweka jina fupi sana, kwa mfano "Ndefu km 26", kwa sababu mtazamo wa mwezi kwenye simu hulikata jina refu na kukuachia herufi chache. Maelezo yote ya kocha yaende kwenye Description: pasha misuli moto kwa km 2, kimbia mita 800 mara 6, pumzika dakika 2 baada ya kila moja, malizia kwa km 2 za polepole. Koma zilizomo ndani ya maelezo hayo hazileti shida ukilipakua faili kutoka Google Sheets, kwa kuwa lenyewe huyafunga maneno hayo ndani ya alama za nukuu. Anayeandika CSV kwa mkono katika programu ya maandishi matupu ndiye atakayeona sentensi zake zikivunjika na kuingia safu zisizo zake.

Mipango inayotoka Marekani na Uingereza mara nyingi huhesabu umbali kwa maili, na katika jedwali hilo ni jambo la dakika moja: =CONVERT(C2,"mi","km"), kisha unakadiria. Kabla ya kupakua nilichuja mistari yote iliyosema "pumziko". Kwa mpango wangu wa siku tano za mazoezi kwa wiki, mistari 112 ikabaki 80, nikainakili kwenye ukurasa wake peke yake, kwa sababu upakuaji wa CSV huchukua ukurasa ulio wazi tu na huacha kurasa nyingine za jedwali.

Uingizaji wenyewe ni mfupi. Unafungua Google Calendar kwenye kompyuta, unakwenda kwenye mipangilio, sehemu ya kuingiza na kuhamisha, unachagua faili na kalenda litakamowekwa, basi. Dosari kubwa ni hilo neno kompyuta: programu ya simu haina sehemu ya kuingiza faili, na kwa watumiaji wengi wa huku kwetu, ambao simu ndiyo kompyuta yao ya pekee, huu ni upungufu wa kweli. Robo saa ya kompyuta ya kuazima au ya kukodi inatosha, mradi jedwali uliliandaa kabla, na mradi ukumbuke kutoka kwenye akaunti yako unapoondoka.

Jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mapema ni hili: usiuingize mpango kwenye kalenda yako ya kawaida. Unda kalenda mpya, uiite "Mazoezi", uipe rangi yake, uhakikishe saa za eneo ni za Afrika Mashariki, na uweke hapo arifa zake, kwa kuwa faili la CSV halina safu ya vikumbusho. Sababu ni kwamba kalenda hailinganishi faili jipya na la zamani. Niliposahihisha zile tarehe zilizogeuka na kuingiza faili kwa mara ya pili, matukio ya kwanza yaliendelea kukaa palepale, yakiwa yamechanganyika na miadi ya daktari wa meno na vikao vya harusi, na ilinibidi kuyafuta moja baada ya jingine. Kwenye kalenda ya peke yake kosa kama hilo linamalizwa kwa kuifuta kalenda nzima na kuingiza upya. Baada ya hapo, angalia kwenye simu kama kalenda hiyo mpya imewekewa alama ya kuonekana na ya kusawazishwa, maana wapo wanaodhani uingizaji umeshindikana kumbe kalenda imefichwa tu.

Kutokana na tabia hiyo, njia hii inamfaa mtu mwenye mpango uliokwisha kuandikwa hadi mwisho. Kama kocha wako hutuma mazoezi kila Jumapili usiku kwa kuangalia ulivyokimbia wiki iliyopita, kuandaa faili kila mara ni usumbufu usio na faida, na utaona wepesi zaidi kuandika matukio matano moja kwa moja kwenye simu. Wala usitarajie kwamba saa ya mkononi itayasoma maneno "mita 800 mara 6" na kukuhesabia mizunguko. Kwa kalenda hayo ni maandishi tu.

Faida ambayo sikuitarajia ni kushirikisha. Kalenda ya peke yake inaweza kufunguliwa kwa mtu mwingine aione bila kuibadilisha, na nilimfungulia mke wangu. Sasa shughuli za familia za Jumapili asubuhi hupangwa huku wote wawili tukijua ni wiki ipi ina km 30 na ipi ina km 14, na katika ratiba ya Krismasi alikuwa yeye aliyeniambia kwamba siku niliyochagua kusafiri ilikuwa na mbio ndefu.

Rekodi ya kilichofanyika, hata hivyo, sikuiweka kwenye kalenda. Niliongeza safu moja ya mwisho kwenye jedwali, isiyopakuliwa kwenda popote, ninamoandika kilomita nilizokimbia kweli mbele ya zile zilizopangwa. Wiki ya Krismasi ina vyumba vitatu vitupu.