Nilimvua stajoni mto Fraser, nikamrudisha: uzoefu wangu

Nilipomwambia mama kwa simu kwamba nimelipia boti siku nzima huku British Columbia, Kanada, nivue stajoni, samaki mkubwa wa mtoni, kisha nimrudishe majini, alinyamaza kwanza. Sisi watu wa Tanga, nyumba ya wavuvi. Samaki akishapanda chomboni ni kitoweo. "Sasa umelipia nini, mwanangu?"

Nianze na lililoniudhi. Ofisi ya boti haikunieleza mapema kwamba mvuvi anahitaji leseni mbili: ya kawaida ya maji baridi, na juu yake ile ya hifadhi ya stajoni. Nilizinunua kwa simu pale gatini, saa nzima ikapotea. Ukienda, zikate nyumbani kabisa.

Baada ya hapo sina lawama. Tulitia nanga karibu na mji wa Chilliwack. Chambo kilikuwa mayai ya samoni yaliyofungwa kwenye kitambaa chembamba kama soksi ya nailoni, na chubwi zito likayashusha hadi chini, maana stajoni hutafuta chakula kwa kupapasa sakafu ya mto kwa ndevu zake nne. Tulikaa saa mbili. Halafu ncha ya fimbo ikadonolewa, kidogo tu, ungedhani ni dagaa. Nilipoikamata, mshipi ulikwenda kwa kasi sijapata kuona. Nilipambana naye dakika arobaini.

Nahodha hakumpandisha botini. Alisogea penye maji mafupi, tukashuka na suruali za mpira, tukamshika akiwa ndani ya maji. Hana magamba, ana safu tano za vibamba vya mfupa, na katikati ngozi inakwaruza kama ya papa. Ndoano haina kijino, ndivyo sheria inavyotaka, kwa hiyo ilichomoka mara moja. Nahodha akapitisha kifaa nyuma ya kichwa, kikalia: chini ya ngozi kulikuwa na alama ya kielektroniki, ndogo kama punje ya mchele. Aliwahi kuvuliwa, akaachiwa. Tukampima, mita 1 na sentimita 87, vipimo vikaandikwa vipelekwe Fraser River Sturgeon Conservation Society, wanaofuatilia samaki hawa.

Tangu 1994 kila stajoni anayevuliwa kwa burudani mtoni humo hurudishwa. Zamani waliwavua kwa nyama na kaviari, yaani mayai yao, nusura waishe, na hawa si wa kuongezeka upesi: jike hupita miaka 15 ndipo aanze kutaga, na hatagi kila mwaka. Nilimkumbuka silikanti wetu, yule samaki adimu wa kale, aliyekuwa akinaswa na majarife hadi Tanga ikapata hifadhi yake ya bahari.

Nilimshika mkia mpaka alipoanza kuupiga mwenyewe, nikaachia.

Jioni nilimtumia mama picha. Akauliza ni dume au jike. Nikamwambia kwa kumtazama tu hajulikani.

"Basi mmefanya vyema," akasema. "Huenda alikuwa na mayai."