"Ambaye alikuja" au "aliyekuja"?

Tuanze na urefu. "Mwalimu aliyekuja jana" ni fupi kuliko "mwalimu ambaye alikuja jana", na katika hadithi ufupi huo hukimbiza sentensi. Methali nazo hupenda umbo hili: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kwa uhuru, amba- inashinda waziwazi. Kirejeshi cha ndani, yaani kile kinachoingia ndani ya kitenzi kama -ye- katika "aliyekuja", hukaa na viambishi vya wakati -li-, -na-, -taka- na kikanushi -si-, basi. Ukitaka -me- au -ja-, huna budi kuandika "ambaye amefika", "ambaye hajafika". Mpangilio pia hubadilika: "kitabu alichonunua Juma" humrusha Juma nyuma ya kitenzi, ilhali "kitabu ambacho Juma alinunua" humwacha mbele. Hapo ndipo mtindo unapozaliwa, maana unachagua nani asikike mwisho.

Makosa? Maumbo yote mawili yanadai upatanisho wa ngeli. Kinachoniudhi ni kuyabandika pamoja: "ambaye aliyekuja". Moja latosha.

Mwandishi wa ripoti yenye sentensi ndefu atafaidi amba-. Wa hadithi fupi au mashairi ajaribu la ndani kwanza, asome kwa sauti, kisha aamue.