Discovery pale Chantilly: nyota za tathmini kutoka kwa fundi wa ndege

Kiingilio ni bure. Unacholipia ni maegesho, dola 15 kwa gari, na ukifika baada ya saa kumi jioni hata hizo hulipi. Udvar-Hazy Center, tawi la makumbusho ya anga ya Smithsonian, liko Chantilly, Virginia, ubavuni mwa uwanja wa Dulles, kwa hiyo sisi tunaoshika spana za usiku pale Dulles hatuna kisingizio cha kutokwenda. Nimeshapeleka wageni wengi. Safari hii nilimpeleka mjomba wangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, fundi mstaafu wa mabasi, na maswali yake ndiyo yaliyonikalisha kuandika.

Ndege za ukumbi mkubwa nitaziruka. SR-71 ni nzuri, Concorde ni nzuri, watu wameshaziandikia vya kutosha. Nyoosha moja kwa moja hadi ukumbi wa nyuma, ambako Discovery, kimoja cha vyombo vya Space Shuttle vya NASA (shirika la anga la Marekani) vilivyokuwa vikipeleka watu angani na kurudi, imesimama kwa magurudumu yake yenyewe, kubwa kuliko ulivyoizoea kwenye picha, na chafu. Uchafu huo ni wa makusudi: haikupakwa rangi mpya wala kusuguliwa ilipoletwa hapa Aprili 2012. Michirizi ya kahawia na kijivu ubavuni ni ya moto wa kurudi duniani.

Mjomba aliizunguka nusu, mikono nyuma, kisha akauliza swali ambalo wageni wangu wote wenye digrii hawakuwahi kuniuliza.

"Mpwa wangu, hii ikirudi safari, inalala gereji siku ngapi?"

Hapo ndipo hadithi yote ilipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Space Shuttle iliuzwa kwa ahadi kwamba itatua, itakaguliwa, itapakiwa, na baada ya wiki mbili hivi itaruka tena, na kwamba kundi zima la vyombo hivi litafanya safari kadhaa kila mwezi. Rekodi halisi ya chombo kimoja iliwekwa na Atlantis, ndugu yake Discovery: iliruka Oktoba 3, 1985 na ikaruka tena Novemba 26. Siku 54 kutoka kuruka hadi kuruka, na haikurudiwa tena. Mwaka huo wa 1985 ndio uliokuwa na safari nyingi kuliko yote, nazo zilikuwa 9 kwa vyombo vyote vikijumlishwa. Discovery yenyewe, iliyofanya kazi kuliko wenzake wote, ilikwenda mara 39 kati ya 1984 na 2011, na jumla ya muda wake angani ni siku 365.

Mjomba alipiga hesabu kwa midomo. "Miaka ishirini na saba, mwaka mmoja ndio uko barabarani? Basi la namna hiyo ningeshauri tajiri aliuze."

Nikamwambia asiliuze kwanza, asogee alione kwa karibu.

Kukiwa na jambo moja tu mtakalofanya pale, fanyeni hili: simameni karibu na tumbo la chombo na muangalie vigae. Discovery ilivaa zaidi ya 24,000. Kila kimoja kina namba yake, imeandikwa juu yake, kwa sababu kina umbo lake na mahali pake; cha kushoto hakiingii kulia. Vimetengenezwa kwa nyuzi za silika, na asilimia 90 hivi ya kigae ni hewa tu. Vile vyeusi vya chini vilistahimili zaidi ya nyuzi 1,200 za Selsiasi, huku bodi ya alumini iliyo nyuma yake, sentimita chache tu, haitakiwi kuzidi 175 hivi. Alumini hupanuka na kujikunja, kigae hakijui kujikunja, kwa hiyo kati yao kuna kitambaa kama cha felti, na gundi ya silikoni juu na chini. Hakuna skrubu. Utaona pia kwamba weusi haulingani: vilivyobadilishwa karibuni ni vyeusi tititi, vya zamani vimepauka kijivu. Kwa jicho la fundi hicho ni kitabu cha servisi kilichoachwa wazi ukutani.

Sasa angalieni zaidi, kwenye kigae kimoja kimoja, mtafute kitundu kidogo cha sindano. Kigae hunywa maji, na maji ni uzito, tena yakiganda yanapasua. Dawa ya kuzuia maji iliungua kila chombo kiliporudi. Kwa hiyo baada ya kila safari mafundi walipita na sindano, kigae kwa kigae, wakiingiza dawa upya. Niliposema hivyo mjomba alinitazama kama ninamtania. Vigae elfu ishirini na kitu, kwa sindano, kila safari. Mimi nafanya kazi kwenye ndege za abiria zinazotua, zinakaguliwa, zinajazwa mafuta na kuondoka tena kabla chai yangu haijapoa, na sijui ningeweza kuvumilia zamu ya namna ile.

Chini ya pua kuna mahali pengine pa kusimama. Julai 2005, Discovery ilipokuwa ya kwanza kuruka baada ya ajali ya Columbia, Shuttle mwenzake, vipande viwili vya kitambaa cha kuziba nafasi kati ya vigae vilichomoza hapa chini. Vidogo tu, lakini vingeweza kuvuruga upepo wa moto wakati wa kurudi. Mwanaanga Stephen Robinson alibebwa na mkono wa mashine hadi chini ya tumbo, akavichomoa kwa vidole vyake vya glavu. Kamanda alikuwa Eileen Collins, ambaye mwaka 1995 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa rubani wa Shuttle, humu humu ndani ya Discovery. Ninapenda kuwaambia hivyo mabinti ninaowakuta pale, waulize wasiulize.

Halafu matairi. Mjomba aliyapiga jicho kabla yangu. Tairi kubwa za Shuttle zilitumika kutua mara moja, basi, zikavuliwa. Za mbele mara mbili. Chombo kilitua bila injini, kwa mwendo wa kilomita 340 hivi kwa saa, jaribio moja tu, hakuna kuzunguka na kujaribu tena. Tairi za ndege ninazozihudumia hutua mara mamia, kisha huvalishwa ngozi mpya zikarudi kazini. Matumizi ya mara nyingi yana madaraja yake.

Nyuma kabisa mtaona koni tatu kubwa za injini. Msizipigie magoti, ni za maonyesho. Injini halisi, RS-25, zilibaki kwa NASA. Hizo nazo kwa sehemu kubwa ya maisha ya Shuttle zilikuwa zikichomolewa baada ya kila safari, zikakaguliwe, zirudishwe. Injini bora sana, sijaona fundi anayebisha. Kilichoniumiza ni mwisho wake: nne kati ya zile zilizowahi kuruka na Shuttle zilifungwa kwenye roketi mpya ya Artemis I, safari ya NASA ya kuzunguka Mwezi, Novemba 2022, zikafanya kazi dakika nane hivi, zikaishia baharini na roketi yao. Injini zilizojengwa zirudi, zikatupwa. Mjomba alisema neno ambalo silirudii hapa.

Vitu vingine havikurudi hata wakati wa Shuttle. Lile tangi kubwa la rangi ya chungwa lilitupwa kila safari, na katika safari za mwanzo mabaki yake yalidondokea Bahari ya Hindi, mbali na pwani zetu lakini bahari ni ileile. Roketi mbili nyeupe za pembeni zilishuka kwa parachuti Atlantiki, meli zikazivuta, zikafumuliwa, vipande vikapanda treni hadi Utah kujazwa baruti upya. Ukichukua gharama zote za programu nzima ukazigawa kwa safari 135, unapata kama dola bilioni moja na nusu kwa safari.

Ilikuwaje hivyo? Wengi wanailaumu NASA, mimi nawalaumu wateja. Jeshi la Anga la Marekani lilitaka sehemu ya mizigo yenye urefu wa mita 18 na chombo kinachoweza kukata kona mbali kurudi uwanjani baada ya mzunguko mmoja, ndiyo maana ya mabawa mapana yale. Mabawa mapana ni vigae vingi. Safari ile ya mzunguko mmoja haikufanyika hata mara moja. Tunayajua mambo hayo kazini: mteja anaagiza kifaa, kinafungwa, kinabebwa miaka yote, hakiwashwi.

Jambo zito zaidi ni kwamba watu na mizigo vilifungwa pamoja. Hata kupeleka satelaiti ya simu, lazima wanaanga wapande. Na hawakuwa na njia ya kutoka roketi ikiharibika. Columbia ilikuwa na viti viwili vya kurusha marubani katika safari zake nne za majaribio, baadaye havikutumika tena. Januari 28, 1986, pete za mpira kwenye kiungo cha roketi ya pembeni zilishindwa kuziba kwenye baridi, Challenger ikasambaratika sekunde 73 baada ya kuruka. Februari 1, 2003, Columbia ilipasuka juu ya Texas kwa sababu kipande cha povu linalofunika tangi kilikuwa kimetoboa ukingo wa bawa la kushoto wakati wa kuruka. Watu saba mara ya kwanza, saba mara ya pili. Chombo kinachobebwa ubavuni mwa tangi kinapigwa na kila kinachodondoka kutoka kwenye tangi. Kikikaa juu ya roketi hakipigwi. Hilo ndilo kosa ambalo fundi hawezi kulirekebisha kwa spana.

(Povu hilohilo mwaka 1995 lilitobolewa na ndege wa porini, jamii ya vigong'ota, matundu karibu 200, Discovery ikarudishwa karakanani kutoka kwenye mnara. Hili alilipenda mjomba kuliko yote.)

Mpaka hapa unaweza kudhani naiponda. Sasa simameni usawa wa ile sehemu ya mizigo. Milango imefungwa, hamuoni ndani, ila fikirieni kilichopita humo. Aprili 1990 darubini ya Hubble ilitoka humu, na Discovery ilirudi kuihudumia 1997 na 1999. Novemba 1984 wanaanga wake walizikamata kwa mikono satelaiti mbili zilizopotea njia, Palapa B2 na Westar 6, wakazipakia, wakazirudisha duniani. Uwezo wa kushusha mzigo wa tani 14 hivi kutoka angani na kuutua kwenye lami, leo hauko mikononi mwa mtu yeyote anayebeba abiria. Na ukumbini humo humo kuna mtambo wa rada uliorushwa na Endeavour, Shuttle nyingine, Februari 2000, uliopima miinuko ya asilimia 80 hivi ya nchi kavu ya dunia kwa siku 11. Mhandisi wa Dodoma au Kisumu anayechora ramani ya mafuriko leo, kuna uwezekano mkubwa anatumia data hizo.

Warithi? Mei 30, 2020, Doug Hurley, aliyekuwa rubani wa safari ya mwisho ya Shuttle mwaka 2011, aliondoka Florida na Bob Behnken ndani ya Crew Dragon, chombo cha kampuni ya SpaceX. Kidonge kidogo, kimekaa juu ya roketi, kina injini za kuwanusuru watu, kinatua majini kwa parachuti. Kidonge kilekile kimeshabeba watu tena na tena. Sehemu yake ya nyuma hutupwa, na hatua ya juu ya roketi hutupwa. Aliyekibuni alikubali kutupa baadhi ili kinachorudi kiwe rahisi kukigusa. Nakisifu. Lakini hakina mkono wala ghala, na Hubble ikiharibika leo hakuna chombo kilichojengwa kwa kazi hiyo.

Nyota, basi. Makumbusho tano. Discovery kama chombo cha kazi, kwa wakati wake, nne; kama chombo cha "ruka, tua, ruka tena", mbili, na mjomba anasema nimependelea.

Mkiweza, nendeni mapema. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 ilitenga dola milioni 85 za kupeleka chombo cha angani Houston, na maseneta wa Texas hawajaficha kwamba wanakitaka hiki. Smithsonian inasema ni mali yake na haitaki kiondoke. Zile 747 mbili zilizokuwa zikibeba Shuttle mgongoni zimestaafu, moja iko Houston kwenyewe ikiwa imebebeshwa mfano wa Shuttle, nyingine Palmdale, California. Bila hizo, imetajwa njia ya kuikata vipande, na kuikata vipande ndege yenye vigae vilivyogundishwa kwa silikoni ni kazi ambayo mimi nisingeikubali hata kwa malipo mara mbili.

Milango hufunguliwa saa nne asubuhi. Siku za kazi, saa nne na nusu, kabla mabasi ya shule hayajafika, ndio wakati wa kuona vitundu vya sindano bila kusukumwa.