Bustani ya mbele ya nyumba mlimani Mkolani: uzoefu wangu na mafundi tuliowaajiri

Kampuni ndogo iliyotutengenezea uwanja wa mbele wa nyumba yetu huku Mkolani, jijini Mwanza, ilifanya kazi ninayoweza kuisifu mbele ya mtu yeyote, isipokuwa katika jambo moja la udongo ambalo nitalieleza kwa kirefu. Nimesubiri bustani ipite masika na kiangazi kizima kabla ya kuandika, kwa sababu siku ya kukabidhiwa, wakati nyasi bado zinamwagiliwa kila jioni na maua yametoka kitaluni yakiwa yamekwisha kuchanua, hakuna bustani isiyopendeza.

Nyumba yetu ipo kwenye mteremko, na kati ya lango na baraza kuna mawe makubwa ya granaiti ya aina ile ile inayoonekana kila upande wa jiji hili. Mafundi wengine tuliowaita mwanzoni walitaka mawe hayo yachomwe moto, yapasuliwe kwa nyundo na kugeuzwa kokoto papo hapo. Msimamizi wa kampuni hii alikataa. Alitueleza kwamba mawe yale ndiyo yanayouzuia udongo wa upande wa juu usiteremke, na kwamba tukiyaondoa tutalazimika kujenga ukuta ambao gharama yake itazidi ile ya bustani yote. Nilimwamini, na nafurahi kwamba nilimwamini, kwani leo mawe hayo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za uwanja wetu, nasi hatukuyanunua.

Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba hakutaka kuzungumzia maua hata kidogo mpaka alipoyaona maji ya mvua yanavyopita. Alikuja mvua ikiwa inanyesha, akatembea uwanja mzima akiwa amevaa mabuti, akapigilia vigingi kila mahali maji yalipojikatia njia. Mwanza hupata takribani milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi kati ya hizo hunyesha katika vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na katika masika ya Machi hadi Mei. Penye udongo mwembamba uliolala juu ya mwamba, maji hayo hayana pa kuzama, hivyo huteremka kwa kishindo na kubeba kila kilichopandwa. Kwa hiyo walichimba mfereji uliokingama mteremko, wakaujaza mawe, wakauelekeza pembeni hadi kwenye mtaro wa barabara, kisha wakaugawa uwanja kuwa ngazi zinazoshikiliwa na kuta fupi za mawe. Katika kila ukuta waliacha matundu ya kutolea maji, kwa kuwa ukuta unaozuia udongo uliolowa bila kuwa na pa kuyatoa maji husukumwa kidogo kidogo hadi ukaanguka. Masika iliyofuata ilikuwa kali, na hakuna jiwe hata moja lililosogea. Ninawasihi wenye nyumba za milimani, iwe Isamilo, Mabatini au huku kwetu, wamuulize fundi habari za maji kabla ya kumwonyesha picha ya ua lolote.

Katika mimea walikuwa makini kuliko nilivyotarajia. Upande wa juani walipanda ukoka wa kawaida kwa vipando, si kwa mapande yaliyokwisha kushikana, na hilo lilipunguza gharama sana ingawa lilitutaka tuvumilie uwanja wenye viraka kwa muda. Chini ya mwembe, ambako ukoka hufifia kwa kukosa jua, waliweka nyasi za Pemba zenye majani mapana zinazostahimili kivuli. Mama mkwe wangu, tunayeishi naye, aliwaambia, "Wanangu, mlangoni pangu pasikose mchaichai," na msimamizi akamjibu, "Haitakosekana, mama." Mchaichai huo waliupanda kwenye kingo za ngazi zote, na mizizi yake imeshika udongo vizuri kuliko mapambo niliyokuwa nimeyachagua mimi.

Kulikuwa pia na uzio wa zamani wa minyaa, ambayo wengi huku huiita manyara. Utomvu wake mweupe ukiingia machoni huleta madhara makubwa, na kwa kuwa tuna watoto wadogo nilitaka uondolewe. Waliukata wakiwa wamevaa miwani na glavu, wakakusanya kila tawi, kwani tawi lililosahaulika ardhini huota tena. Nilipopendekeza tupande thevetia yenye maua ya manjano mahali pake, walinishauri niache, kwa sababu mmea huo wote ni sumu na mbegu zake ni hatari kwa mtoto anayeokota kila anachokiona. Tukakubaliana kuhusu bogenvilia, na ikawekwa mbali na njia kutokana na miiba yake.

Sasa nije kwenye udongo. Udongo wetu ni wa kichanga, ule ambao Wasukuma huuita luseni. Haushiki maji wala rutuba kwa muda mrefu. Mkataba ulisema utachanganywa na samadi iliyoiva na udongo wa bustani kutoka nje. Samadi ilikuwa nzuri, kavu na isiyo na harufu. Lakini lori la udongo lilileta udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na uliojaa ndago. Mafundi waliupokea bila kuuchambua, wakautandaza kwenye ngazi ya chini. Mvua zilipoanza, ndago ilichomoza kila mahali. Anayeijua ndago anajua kwamba kuing'oa majani hakusaidii chochote, kwani viazi vyake vidogo hubaki ardhini na kuchipua upya. Tulipowaita walirudi bila ubishi, wakachimba, wakachekecha udongo na kuondoa viazi hivyo kwa mikono, ila walitutoza nauli ya kuja kuirekebisha kazi ambayo haikupaswa kuharibika. Hilo sikuliona kuwa haki, na niliwaambia hivyo ana kwa ana. Hadi leo ndago chache hutokea, nasi huzichimbua kabla hazijaenea. Mtu atakayewaajiri mafundi wa aina hii aweke katika mkataba kwamba yeye mwenyewe atauona udongo ungali kwenye lori, na kwamba ana haki ya kuurudisha.

Tulilipa jumla ya shilingi 3,200,000 kwa awamu, na karibu nusu ya fedha hiyo iliingia kwenye mifereji na kuta. Jirani mmoja aliniambia kwamba nimezika fedha ardhini. Simlaumu, lakini nimeona nyumba ambazo bustani zake hupandwa upya kila mwaka baada ya masika, na gharama ya kurudia rudia haiandikwi na mtu yeyote.

Njia ya kuingilia waliijenga kwa matofali ya pevingi juu ya mchanga ulioshindiliwa, na hadi sasa haijabonyea popote. Taa za nje hawakuziweka juu ya mlango kama nilivyokuwa nimeomba. Waliziweka karibu na lango, tena zenye mwanga wa manjano, kwa kuwa mwanga mweupe huvuta makundi ya wadudu wa ziwani ambao usiku mwingine hujaa ukutani hadi ndani ya nyumba. Walitaka pia tuingie mkataba wa matunzo ya kila mwezi. Tuliukataa, kwa sababu ukoka ukishashika unahitaji kukatwa tu na kumwagiliwa kati ya Juni na Septemba, na kazi hiyo vijana wetu wa nyumbani wanaimudu.