HSMAdvisor na Fusion kwenye CNC: zinalipa, ila uzipe taarifa za kweli za mashine yako

Wakuu, kuna programu mbili natumia kila siku karakana hapa Dar kwa mashine ya CNC (ya kukata, inayoongozwa na kompyuta), HSMAdvisor na Fusion ya Autodesk, ile ya kuchora kazi na kupanga njia ya kisu, na nataka niziongelee kwa pamoja manake ukichukua moja ukaiacha nyenzake unapata nusu ya faida, na hiyo nusu yenyewe inaweza ikakuvunjia visu.

Kazi zetu nyingi ni chuma laini na aluminiamu, spea za mashine za kusaga, flenji, mabamba ya moldi za plastiki. Mashine ni ya aksisi tatu, spindo (ule mhimili unaozungusha kisu) ya kilowati 5.5, ya zamani lakini iko imara.

HSMAdvisor yenyewe ni kikokotoo. Unaiambia unakata madini gani, endimili (kisu cha kuzunguka) ya kipenyo gani, meno mangapi, imetoka nje ya kolati (kishikio chake) kiasi gani, unashuka chini kiasi gani na unakula pembeni kiasi gani, inakurudishia RPM (mizunguko kwa dakika) na fidi (kasi ya kisu kusogea kwenye kazi), halafu inakwambia na kisu kitapinda kiasi gani na spindo itahitaji nguvu kiasi gani. Kama hutaki kulipia kwanza, wenyewe wana FSWizard ya kwenye brauza na simu, ya bure, anzia hapo.

Kilichonifanya niipende ni hesabu ya unene wa chenga, yaani vile vipande vinavyokatwa na kuruka. Chukua endimili ya karbaidi ya milimita 10 yenye meno manne, chuma laini, kasi ya kukata mita 120 kwa dakika. RPM inakuja kama 3,820, ukimpa kila jino 0.05 mm fidi inakuwa 764 mm kwa dakika, na mafundi wengi wanaishia hapo manake ndo fomula tuliyofundishwa chuoni. Sasa ukila pembeni milimita 1 tu, jino linaingia na kutoka kabla halijafikia unene wake, chenga inatoka na 0.03 badala ya ile 0.05 uliyodhani, kisu kinasugua badala ya kukata, kinachemka, makali yanaisha mapema na wewe unalaumu duka umeuziwa feki. Ili upate 0.05 halisi fidi inabidi ipande mpaka karibu 1,270, na programu inaipandisha yenyewe, huhitaji karatasi.

Na kwa vile pembeni unakula kidogo, chini unaweza ukazama milimita 20 kwa mpigo mmoja. Piga hesabu mwenyewe: ule mtindo wa zamani wa kushuka 5 na pembeni 5 kwa fidi ya 764 unatoa sentimita za ujazo 19 kwa dakika, huu unatoa zaidi ya 25, kwa kisu kilekile na RPM ileile. Halafu angalia endimili iliyochoka kwa mtindo wa zamani, milimita tano za chini zimekwisha kabisa na huko juu makali bado mapya, unaitupa hivyohivyo. Karbaidi si hela ya mchezo jamani.

Lakini sasa, hizo namba ni za mstari ulionyooka, na hapa ndo Fusion inaingia. Ukila asilimia 10 ya kipenyo, kisu kinagusana na chuma kwa nyuzi kama 37 hivi. Kikifika kwenye kona ya ndani ya mraba kwa njia ya kawaida ya kuzunguka mfuko (shimo unalochimba ndani ya kazi), kinashikwa mpaka karibu nyuzi 127, ghafla, na fidi bado ni ile kubwa. Ule mlio wa kona mnaujua, mashine inalia kidogo halafu paa, kisu hakipo. Adaptive Clearing ya Fusion haiendi hivyo, inapanga njia ili upana wa kukata usizidi ule uliouandika kwenye Optimal Load, kwa hiyo kwenye kona utaona kisu kinachora vinusu duara vidogovidogo, kinakula, kinarudi, kinakula tena. Teknolojia hii Autodesk waliipata waliponunua HSMWorks ya Denmark mwaka 2012, na kwa maoni yangu ndo kitu cha thamani kuliko vyote ndani ya Fusion. Kaa karibu na mashine usikilize, mlio ni uleule mwanzo mpaka mwisho, mita ya loadi ya spindo haichezi, chenga zinaruka zote saizi moja, na kwenye chuma ukikata kwa upepo bila kulanti (maji ya kupoza) zinatoka na rangi ya bluu maana joto linaondoka nazo, kazi yenyewe inabaki vuguvugu tu.

Sasa taarifa za kweli. Urefu wa kisu nje ya kolati usiukadirie, upime, manake kupinda kunaenda kwa urefu mara tatu kwa wenyewe: ukitoka 30 ukaweka 45 kisu kinapinda zaidi ya mara tatu. Shida nyingine ni ya kwetu huku, ile orodha ya madini ni nzuri sana lakini wewe umenunua shafti ya eksili ya lori kwenye skrepa, daraja lake nani anajua? Mimi hapo nachagua chuma kigumu kuliko ninavyodhani na kasi naishusha, maana ile kanuni ya Taylor ya maisha ya kisu, ya 1906-1907, bado inatutawala, kwa karbaidi ukipandisha kasi asilimia 20 maisha ya kisu yanashuka karibu nusu. Fidi usiishushe ovyo lakini, utarudi kulekule kwenye kusugua.

Na wenye ruta za CNC zenye spindo ya kilowati 2.2, hizi za 24,000 RPM: wekeni nguvu ya spindo kwa RPM mtakayotumia, siyo ile ya kwenye kibandiko. Kwenye 4,000 RPM inabaki kama kilowati 0.37, wakati ule mkato wa chuma nilioueleza juu unataka kama 0.85. Haiendi. Kwenye aluminiamu kwa RPM za juu inakuwa kazi safi kabisa.

Leseni: Fusion ya bure ni ya matumizi binafsi, na tangu 2020 wameibana, haibadilishi visu yenyewe ndani ya programu moja na mwendo wa haraka wa hewani unashushwa uwe wa fidi, kwa hiyo muda uliookoa kwenye kukata unaupoteza hewani. Kama ni biashara lipia, bei inauma ila inarudi. Kuna na Vericut Force, ile inachukua kodi (maagizo ya mashine) iliyokwisha kuandikwa ikabadilisha fidi tu kipande kwa kipande bila kugusa njia, nzuri kwa wanaokata titani za ndege, kwa karakana ya saizi yetu siioni.

HSMAdvisor naipa tano kwa tano, Fusion nne, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya bei na kutegemea intaneti.