Kaprun: bwawa nalisifu, waliotupeleka siwasifu

Naandika na hasira zangu, japo ni kitambo tangu turudi. Kampuni iliyotupeleka siitaji jina, si kwa kuwahurumia, ni kwamba sitaki kesi. Tuliwalipa safari nzima: watuchukue Munich asubuhi, watupeleke kwenye mabwawa ya umeme ya Kaprun, Austria, tuingizwe ndani ya ukuta wa bwawa, jioni tuwe nyumbani.

Mgeni wangu alikuwa bamdogo. Huyu ujana wake wote umeishia kwenye mitambo ya umeme ya Hale, Korogwe, kwenye mto Pangani, na mpaka leo friji ikibadilisha mlio anainua kichwa. Wenzake wakija Ulaya wanaomba maduka. Yeye alisema, "Nipeleke nikaone umeme wa maji wa hawa watu."

Mwongozaji wetu, kijana wa miwani ya jua utosini, akatusimamisha njiani karibu saa nzima kwenye duka la chokoleti na kengele za ng'ombe. Nani alimtuma? Ana chake pale, huniambii kitu. Tunafika Kesselfall, kituo cha chini, foleni ya mabasi ya kupandia juu imeshajikunja mara mbili.

Sasa nisiseme uongo, ile lifti ya Lärchwand ni habari nyingine. Ni jukwaa la wazi linalokwea ubavu wa mlima, zaidi ya mita 400 kwenda juu, na lilianza kwa kupandishia vifaa vya ujenzi. Bamdogo alivua kofia akaibana kifuani, macho kwenye kamba za chuma. Kisha basi jingine, mahandaki, halafu unatokezea Mooserboden, bwawa la juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mbele yako ziwa kama mtu kamwagia maziwa buluu ya kufulia.

Bamdogo akaniambia nimuulize kijana: rangi ile si ni unga wa mawe yanayosagwa na barafu ya mlimani? Sasa turbaini zao, yale magurudumu yanayozungushwa na maji, zinalika kwa kasi gani? Yeye na mchanga wa mto Pangani wanajuana. Kijana hakumtazama, alitazama saa. "Mwambie mzee wako watu huja hapa kupiga picha."

Sikutafsiri. Nilisema hajui. Bamdogo akajibu, "Si aseme tu hajui, kwani aibu?"

Na ziara ya ndani ya ukuta ikawa imetupita. Kwa ajili ya chokoleti! Njia nzima mzee alikuwa akinieleza habari ya uzi mrefu wenye uzito unaoning'inizwa ndani ya kuta kama hizi, kupima zege linavyosogea ziwa likijaa. Badala yake tukapewa hotuba ya dakika tano: fedha za Marshall, ule msaada wa Marekani wa kuijenga Ulaya baada ya vita, mashujaa, 1955 kazi ikaisha. Kweli, ila kaanzia katikati. Mradi ulizinduliwa 1938 na Hermann Göring mwenyewe, yule kigogo wa Wanazi wa Hitler, na wakati wa vita walioumia kule juu ni mateka wa vita na watu waliobebwa kwa nguvu kutoka nchi zao. Nilipogusia hilo akasema hiyo ni siasa. Nyota moja, na hiyo moja ni ya dereva.

Au mbili, kwa sababu ya kilichotokea wakati wa kushuka. Mwendesha lifti, mzee wa makamo ya bamdogo, hana Kiingereza. Bamdogo hana Kijerumani. Akamwonyesha kwa kidole: maji chini, yapande juu? Yule akacheka, akageuza kiganja: umeme ukiwa mwingi tunayasukuma juu, ukihitajika tunayaachia. Wakaendelea hivyo kwa mikono hadi chini, huku kijana anatuita kama mbuzi waliotoroka. Bamdogo alipanda gari wa mwisho, tena taratibu.

Kwa hiyo nendeni, lakini nendeni wenyewe: treni hadi Zell am See, kisha basi, asubuhi na mapema, kiangazi tu maana theluji hufunga njia. Bebeni sweta hata mwezi wa nane.

Nimewaandikia wanirudishie walau nusu ya hela. Kimya. Bamdogo naye kila akipiga simu kutoka Korogwe haulizi hela, anauliza uzi.