Wakala wa bima ya afya Fort Worth: huduma tuliyopata, na kamisheni iliyokuwa nyuma yake

Mwanzoni mwa Oktoba 2024 shangazi yangu alipokea barua kutoka kampuni iliyokuwa ikimpa mpango wa Medicare Advantage (bima ya kampuni binafsi inayochukua nafasi ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee), ikimjulisha kwamba mpango huo ungekoma tarehe 31 Desemba. Ana miaka 68, ana kisukari na shinikizo la damu, na hataki kusikia habari ya kubadilishiwa daktari wa macho. Tulimpeleka kwa wakala mmoja kusini mwa jiji la Fort Worth, Texas, ofisi ya vyumba viwili iliyobanwa kati ya duka la simu na saluni, kwa kuwa tulisikia kanisani kwamba pana dada mzaliwa wa Goma anayeyaeleza mambo haya kwa Kiswahili. Ninaitathmini ofisi hiyo hapa, lakini siwezi kuitendea haki bila kugusa kanuni za serikali ya Marekani kuhusu malipo ya madalali wa bima, maana karibu kila nilichokipenda pale, na kila kilichonikera, kilianzia huko.

Simu ya kwanza ilimtia shangazi hofu. Kabla salamu hazijaisha, dada yule alitamka kwamba mazungumzo yanarekodiwa, kisha akasoma kwamba ofisi yao haiuzi mipango yote iliyopo katika eneo letu, akataja idadi ya kampuni na mipango wanayoiwakilisha. Shangazi akaninong'oneza niikate simu, akidhani tumeangukia mikononi mwa polisi. Ukweli ni kwamba CMS, idara ya serikali kuu inayosimamia Medicare, imewalazimisha madalali kurekodi simu za aina hii tangu Oktoba 2022, na mwaka uliofuata ikaongeza sharti kwamba fomu inayotaja mambo yatakayozungumzwa itiwe saini saa 48 kabla ya kikao. Tukaisaini Jumamosi, tukaonana Jumanne.

Kikao chenyewe kilikuwa kizuri kuliko nilivyotarajia. Shangazi alitoa kwenye mfuko wake wa kitenge chupa saba za dawa, akazipanga mezani, na dada akaandika jina na kipimo cha kila moja kabla ya kufungua mpango wowote kwenye kompyuta. Alimwita Mama tangu mwanzo hadi mwisho, hakumharakisha, na alipoulizwa kuhusu daktari wa macho alipiga simu kliniki mbele yetu kuhakikisha kama angeendelea kupokea bima hiyo mwaka 2025, badala ya kuiamini orodha ya kampuni. Tulikaa pale saa mbili kasoro dakika kumi.

Hatukulipa chochote. Anayemlipa dalali ni kampuni ya bima, na ada ya mteja haipungui hata akijiandikisha mwenyewe. Kiasi hicho huwekewa kikomo na CMS kila mwaka: kwa mwaka 2025, hapa Texas na katika majimbo mengi, kikomo cha Medicare Advantage kilikuwa dola 626 kwa mteja anayeingia kwa mara ya kwanza, na dola 313 kwa mwaka kwa anayeendelea. Anayehama kutoka mpango mmoja wa Medicare Advantage kwenda mwingine wa aina hiyohiyo huhesabiwa kuwa anaendelea, kwa hiyo shangazi, pamoja na chupa zake saba, aliiletea ofisi ile kama dola 26 kwa mwezi. Kanuni hiyo naiunga mkono, kwa sababu inamwondolea dalali tamaa ya kumhamisha mzee kila mwaka ili alipwe upya. Zaidi ya hapo, mteja akijitoa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, kwa kawaida kampuni humnyang'anya dalali malipo yote, jambo linaloeleza vizuri kwa nini ile simu ya kliniki ilipigwa.

Kasoro niliyoiona ni ya ukimya. Mtu ambaye mpango wake wa Medicare Advantage umefungwa ana haki, kwa sheria ya shirikisho, ya kurudi kwenye Medicare ya kawaida na kununua bima ya nyongeza iitwayo Medigap, inayolipia sehemu ya gharama ambayo Medicare humwachia mgonjwa, bila kuulizwa habari za magonjwa yake, mradi aombe kabla siku 63 hazijapita tangu bima yake ikome. Kwa mgonjwa wa kisukari hilo si jambo dogo, maana nje ya dirisha hilo kampuni inaweza kumkataa. Ofisini hatukuambiwa. Niliyapata haya siku chache baadaye kutoka HICAP, huduma ya ushauri ya Texas ambayo washauri wake hawauzi bima wala hawapati kamisheni. Anayechagua Medigap hulazimika pia kutafuta mpango wa dawa wa peke yake, ambao kikomo cha kamisheni yake kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 109 tu kwa anayeingia, na msimu ule baadhi ya kampuni zilikuwa zimeacha kabisa kulipa kamisheni kwa mipango hiyo. Nilipomuuliza dada kwa simu, alikiri kwamba mipango isiyowalipa haionekani kwenye programu wanayoitumia, na kwamba alipaswa kuitaja kwa mdomo. Shangazi alibaki na Medicare Advantage kwa sababu ada ya Medigap ya kila mwezi ilimshinda, lakini ningependa angeamua hivyo akiwa anajua yote tangu Jumanne ile.

Programu hiyo hutolewa na shirika kubwa la uuzaji lililo juu ya ofisi yao, nalo hulipwa na kampuni za bima kwa kile kinachoitwa huduma za utawala, nje ya kikomo nilichokitaja. Aprili 2024 CMS ilitoa kanuni ya kuyaingiza malipo hayo ndani ya kikomo kuanzia msimu wa 2025, na kumwongezea dalali dola 100 kwa kila mteja mpya ili afidie gharama. Tarehe 3 Julai mahakama ya shirikisho iliyoko papa hapa Fort Worth ikayasimamisha masharti hayo. Dada alisema hakujua afurahi au anune: dola 100 zingemsaidia, ila bila shirika lile asingekuwa na programu wala mahali pa kuzihifadhi simu alizorekodi. Mimi naona ofisi ndogo ndiyo inayoumia pande zote mbili, kwa sababu serikali inaiongezea kazi kila msimu, na fedha za kuifanya kazi hiyo hupitia kwa wakubwa kwanza.

Bima yangu mwenyewe, ya soko la HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya watu wanaojinunulia bima, niliona inapewa nafasi ya pili. Tangu 2011 sheria ya mageuzi ya afya inazitaka kampuni zitumie angalau asilimia 80 ya ada za watu binafsi kwa matibabu na kuboresha huduma, na kamisheni huhesabiwa ndani ya asilimia 20 iliyobaki, pamoja na mishahara, matangazo na faida. Kampuni zilianza kubana kwenye kamisheni, kwa hiyo mteja kama mimi humletea dalali kidogo. Kijana aliyenihudumia alikuwa mgeni kazini, na kwa kuwa maombi yangu yalikuwa bado na jina la dalali wa zamani, ilitubidi tupige simu ya watu watatu pamoja na kituo cha serikali, sharti lililowekwa Julai 2024 baada ya madalali fulani kuwahamisha watu bila ridhaa yao ili wapate kamisheni. Tulisikiliza muziki wa kusubiri kwa dakika 40. Kijana alitumia muda huo kula chakula chake cha mchana, na simlaumu.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano niliizuia kwa sababu ya Medigap, na nilikaribia kuirudisha Februari, duka la dawa lilipomtoza shangazi bei kamili ya insulini. Dada aliipokea simu mwenyewe, akaunganisha kampuni, na kosa likasahihishwa kabla hatujatoka kwenye foleni.